Maswali ya Wasomaji: Seramiki, Majivu na Chumvi ya Ziwa Kivu

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu rangi ya gari, na seramiki, ile dawa ya kupaka juu ya rangi ili kuilinda. Zimetoka mitaa ya hapa Goma: nyingi Himbi na Katindo, moja Ndosho, moja Majengo. Tumeanza na ile yenye pesa nyingi zaidi.

*Papa wa ukurasa huu, jambo. Nimenunua gari-nyumba lililotumika, lile wanaloliita kampingikaa, limetoka Ubelgiji kwa meli hadi Mombasa. Lina urefu wa mita 7, vitanda vinne na jiko. Ni jeupe, lakini ubavuni limeanza kuwa kama limepakwa chaki. Nataka kulikodisha kwa wageni. Fundi ananitaka dola 1,200 alipake seramiki ya 9H, anasema sitapaka nta tena kwa miaka 10. Nimpe? — Msomaji, Himbi*

Usimpe kwanza, ndugu. Hiyo chaki ndiyo inayoamua kila kitu, na fundi aliyetaja bei bila kuigusa bado hajaliangalia gari lako.

Chukua kitambaa cheusi kikavu, usugue ubavu mara tano au sita mahali pamoja. Kikitoka cheupe, ujue ngozi ya nje imeliwa na jua. Gari-nyumba si Land Cruiser, halina ngozi moja. Chumba cha dereva ni chuma chenye rangi na vanishi. Mbavu za nyumba huwa ni alumini iliyopakwa rangi, au faibaglasi yenye jelikoti. Pembe na bampa mara nyingi ni plastiki ya ABS, ambayo wakati mwingine haijapakwa chochote. Kila ngozi ina tiba yake. Vanishi ya gari ni mikroni 35 hadi 50 tu, nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Jelikoti ni resini ya poliesta yenye rangi ndani yake na hufika nusu milimita, karibu mara kumi ya vanishi, kwa hiyo inavumilia kusuguliwa. Lakini ikichakaa inakuwa na vinyweleo na unga juu. Ukipaka seramiki juu ya unga huo, seramiki itaushika unga, haitalishika gari. Unga ukibanduka, na dola zako zinabanduka nao.

Sasa hiyo 9H. Ni ugumu wa penseli. Kwenye maabara za rangi, utando hukwaruzwa kwa penseli za ugumu mbalimbali, na 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote za kipimo hicho. Maana yake ni kwamba penseli haikuuchana. Chembe ya makoro, yale mawe ya lava, si penseli, na utando wenyewe, baada ya kukauka, una unene wa mikroni 1 au 2. Jiwe lililorushwa na tairi la lori njia ya Sake halitatambua hata kama seramiki ipo.

Inachofanya seramiki ni kitu kingine, na si kidogo. Ni kimiminiko chenye silika kinachoshikana na vanishi safi. Maji hayatulii juu yake, matope yanatoka kwa kusuuzwa badala ya kusuguliwa, kinyesi cha ndege kinakupa saa kadhaa zaidi kabla ya kula rangi, na sabuni haiiondoi kama inavyoondoa nta. Gari linaloegeshwa nje na kuoshwa vizuri hubaki nayo miaka 2, pengine 3. Miaka 10 ni ya kwenye karatasi, na ukiisoma hiyo karatasi utakuta dhamana inataka gari likaguliwe kila mwaka na mpakaji aliyekubaliwa na kiwanda. Muulize fundi wako mkaguzi huyo yuko wapi. Ukigawa dola 1,200 kwa miaka 2, ni dola 50 kila mwezi, hata mwezi ambao mteja hakuja.

Tupime eneo. Mbavu mbili za mita 7 kwa mita 2.3 ni kama mita za mraba 32. Mbele na nyuma ongeza 11, paa 15. Jumla inakaribia 58, madirisha yakiwa ndani. Gari dogo halifiki hata robo yake. Chupa ya mililita 50 inatosha gari dogo moja, kwa hiyo fundi anayekuja na chupa mbili kwa gari lako ama ataruka paa, ama ataivuta dawa mpaka iwe si kitu. Gari lako pia lina urefu wa karibu mita 3 kwenda juu, garaji nyingi za mji haliingii. Seramiki inapakwa vipande vya sentimita 50 kwa 50. Inasubiriwa dakika moja hadi tatu mpaka juu paonekane rangi za upinde wa mvua kama mafuta juu ya maji, kisha inafutwa kwa kitambaa kimoja na kumaliziwa kwa kingine. Ikifanyiwa uani Himbi, upepo wa saa nane unaileta chembe nyeusi katikati ya dakika hizo tatu, nayo inakauka humo humo. Kuitoa ni kwa mashine ya kusugulia tu. Kipande kilichosahaulika kikakauka kinabaki baka jeusi-jeusi, na hilo pia ni la mashine.

Kwa hiyo pesa yako ianzie pengine, na pengine penyewe ni paa. Gari-nyumba huuawa na maji yanayoingia kwenye maungio, si rangi iliyopauka. Panda ngazi, usikanyage katikati ya paa, uangalie mastiki, ile gundi ya kuziba maungio, kuzunguka dirisha la juu, bomba la jiko na pembe zote. Mastiki iliyopasuka kama matope ya kiangazi inatolewa kwa kipande cha plastiki, si kwa kisu. Pasafishwe, pakaushwe, kisha ipakwe mastiki ya poliyurethani, na chini ya fremu zinazofunguliwa uwekwe utepe wa butili. Usikubali silikoni. Juu ya silikoni hakuna mastiki wala rangi itakayoshika baadaye, na kuifuta yote ni kazi ya kulia. Ndani, pima unyevu wa kuta kwa kipimo cha pini mbili, hasa pembe za chini na chini ya madirisha. Chini ya asilimia 15 ni sawa, kati ya 15 na 20 urudie kupima baada ya mvua, na ikipita 20 kuna mahali maji yanaingia. Seramiki ingoje.

Paa likiwa salama, ndipo chaki. Kama ubavu ni faibaglasi, osha, kausha, kisha mashine ya kuzunguka yenye sufi na dawa ya kusugulia, mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika, kipande cha sentimita 60 kwa 60. Mashine itembee muda wote, na kwenye kingo ipite haraka kwa sababu pale jelikoti ni nyembamba. Futa, pitisha sifongo na dawa laini, kisha rudia kile kitambaa cheusi. Kikitoka safi, umefika. Kama ubavu ni alumini iliyopakwa rangi, dawa iwe laini tangu mwanzo, maana pale hakuna nusu milimita ya kuchezea. Kipima-unene cha sumaku hakisomi alumini wala faibaglasi. Kwa alumini kinahitajika kile cha mkondo wa umeme, na kwa faibaglasi ni jicho la fundi na kitambaa. Michoro ya stika ifunikwe kwa utepe wa karatasi, mashine inaichoma. Madirisha ya nyumba nayo ni akriliki, si kioo. Alkoholi ya kufutia mafuta kabla ya seramiki, au esansi ambayo mafundi hupenda kufutia gundi, inayapasua nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, na haziondoki tena.

Baada ya hapo, kwa gari hili, sisi tungepaka dawa ya polima kwenye mbavu na paa kila miezi sita. Watu wawili, siku moja. Seramiki tungeiweka kwenye chumba cha dereva na ile pua ya juu ya kitanda tu, mahali panapogongwa na wadudu na kuliwa na jua. Kazi hiyo ni mita za mraba 10 hivi, na bei yake isifanane na ile ya kwanza. Mwenye gari jipya ambalo jelikoti yake haijaanza unga, lenye banda la kuegeshwa na mtu mmoja wa kuliosha, huyo tungemwambia apake lote bila wasiwasi.

*Jambo. Upepo ukigeuka, asubuhi nakuta gari limefunikwa majivu ya mlima. Mlinzi anapanguza kwa kitambaa kabla sijatoka. Rangi imekuwa na duara duara kama nyuzi ukiangalia juani. Je, nta itazuia? — Mama wa Katindo*

Mama, nta haitazuia, wala seramiki. Mwambie mlinzi akiweke chini kile kitambaa, na nusu ya kazi imekwisha.

Majivu ya volkano si majivu ya makaa. Ni vioo na mawe vilivyosagika, chembe zenye ncha, ngumu kuliko vanishi mara nyingi. Kitambaa kikavu kikizipitisha juu ya boneti kinakuwa msasa. Hizo duara unazoziona juani ni njia za mkono wa mlinzi, utaona hata alipoanzia.

Fanya hivi. Usiwashe vipangusa-kioo. Majivu makavu yapeperushwe kwanza kwa blowa ya majani au brashi ya manyoya laini isiyoguswa na nguvu, ukianza juu. Kisha maji mengi, kutoka paa kwenda chini, lita 40 hadi 60 bila kugusa gari kwa mkono. Watu wanabana maji hapa, na ndipo rangi inapokwenda. Usisahau mfereji ulio chini ya kioo cha mbele na kingo za milango, maana majivu yakilowa pale yanaganda na kuziba njia ya maji. Ndipo ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kila baada ya kipande. Kausha kwa taulo ya maikrofaiba kwa kuilaza na kuigonga-gonga, si kuiburuta.

Usiyaache mpaka mvua iyapige. Moshi wa volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, una gesi ya salfa pamoja na asidi nyingine, na majivu yanabeba hizo juu yake. Yakilowa kidogo tu, kwa umande, tone linapokauka asidi inazidi kuwa kali, na alama inaingia kwenye vanishi. Maji mengi yanasafisha, umande unapika. Kwa siku ambazo mlima unatoa moshi mwingi, afadhali maji ya haraka jioni bila sabuni kuliko kuosha vizuri Jumamosi.

Duara zilizopo zinaondolewa kwa mashine. Kila mara vanishi inapungua mikroni 1 hadi 5, kwa hiyo usifanye kila Krismasi.

Turubai? Juu ya gari lenye vumbi, likipigwa na upepo, ni mlinzi mwingine mwenye kitambaa.

*Prado yangu ni nyeusi. Naiosha kwa maji ya bomba, si ziwani kama wengine, lakini bado ina vidoa vyeupe visivyotoka kwa shampuu. Nilipakiwa seramiki, vidoa vikazidi! — Msomaji, Himbi*

Ndugu, bomba la Regideso, kampuni ya maji, hapa Goma linavuta ziwani. Umebadilisha mahali, hukubadilisha maji. Ziwa Kivu lina chumvi nyingi za magnesiamu na sodiamu, na maji ya juu yana pH karibu na 9. Tone likikauka, maji yanaondoka na chumvi inabaki. Seramiki imeyafanya maji yasimame kama shanga. Zamani yalitandaa na kuacha ukungu, sasa kila shanga inaacha nukta yake. Dawa haikuharibu kitu, ila imekuonyesha kwamba gari lilikuwa halikaushwi.

Vidoa vya juu: siki nyeupe ya jikoni na maji, nusu kwa nusu, kitambaa kilicholowa kilazwe juu kwa dakika moja au mbili, kivulini, bodi ikiwa baridi, kisha suuza sana. Usiache siki ikauke, na usiifikishe kwenye chuma kisicho na rangi. Pitisha ukucha taratibu. Kama kidoa kimeondoka lakini kivuli chake bado unakiona, kimeshaingia ndani, hapo ni mashine na seramiki ya sehemu hiyo itaondoka nayo.

Kwa kuzuia, osha asubuhi kabla ya saa mbili au jioni, na maji ya mwisho yawe ya mvua. Lita 10 zinatosha kwenye ndoo ya kunyunyizia. Maji ya tangi la kukingia mvua ya paa hayana chumvi ile, ila baada ya majivu kuanguka acha mvua ya kwanza ipite bila kuingia tangini. Kisha kausha papo hapo. Hakuna dawa ya chupa inayochukua nafasi ya taulo.

*Wengine wanafuta gari kwa mazuti (dizeli) ili lingae. Ni vizuri? — Majengo*

Hapana. Linang'aa kwa siku moja, vumbi la siku ya pili linanata, mpira wa milango unavimba, na atakayekuja kupaka rangi atakulaani. Omo pia iache kwa nguo, inaondoa nta haraka.

*Mimi njia yangu ni Rutshuru na Sake. Mawe yameng'oa rangi ya boneti na chini ya milango, na juzi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilinichana ubavu. Kuna kitu cha kuzuia? — Dereva, Ndosho*

Cha mawe kipo, ni utando wa plastiki ya poliyurethani, mikroni 150 hadi 200, unabandikwa kwa maji na kipande cha plastiki cha kusukumia maji, kama stika. Huo ndio unaokula jiwe badala ya rangi, na mikwaruzo myepesi inajifunga yenyewe ukipigwa na jua. Bei yake ni ya mita, kwa hiyo usifunge gari zima. Theluthi ya mbele ya boneti, bampa, nyuma ya vioo vya pembeni, na sentimita 30 za chini ya milango nyuma ya matairi zinatosha. Kabla ya hapo, palipong'oka pagusiwe rangi, maana chuma kilicho wazi kikifungwa chini ya utando kinaendelea kutu bila wewe kuona. Vizuia-matope vya mpira nyuma ya matairi ya mbele vinafanya nusu ya kazi kwa bei ya chakula cha mchana, na watu wengi wa njia hiyo wameving'oa kwa ajili ya urembo.

Chukudu iliyobeba magunia haina dawa. Mwendo, na nafasi.

*Nitajuaje kama fundi amenipaka seramiki kweli au nta? Maji yanateleza vizuri tu. — Himbi*

Maji yanateleza hata kwa nta ya kopo, kwa hiyo usitumie hicho kama ushahidi. Angalia kabla, wakati na baada.

Kabla: uliza jina la dawa, na uione chupa imefungwa. Ni chupa ndogo ya kioo au plastiki nzito, mililita 30 au 50. Ikiwa imefunguliwa tangu mwaka jana huwa imeganda au imekuwa nzito. Uliza pia atafanya nini kabla ya kupaka. Jibu sahihi ni refu: kuosha, dawa ya kutoa chembe za chuma, ule udongo laini wa kunasa uchafu unaokwaruza kiganja, mashine, kufuta mafuta kwa alkoholi iliyochanganywa na maji. Kazi hiyo kwa gari dogo ni siku moja au mbili, na ndiyo sehemu kubwa ya bei. Aliyemaliza kwa saa mbili alikupaka kitu juu ya uchafu.

Wakati: omba ubakiziwe kitambaa kimoja alichofutia. Seramiki inakauka kitambaani. Kesho yake ukikikunja kinakuwa kigumu, kinalia kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Kitambaa cha nta kinabaki laini na cha mafuta.

Baada: gari lisinyeshewe saa 24, lisioshwe kwa sabuni siku 7. Siku ya nane chagua kipande kidogo nyuma, kioshe kwa sabuni kali ya kutoa mafuta iliyozimuliwa, suuza, kisha mwagia maji. Maji yakitandaa pale wakati kwingine yanakimbia, ilikuwa nta. Yakikimbia kote sawa, mlipe iliyobaki, maana hukumlipa yote mwanzoni.